Mwana wa Mhunzi na Cheti cha Uhandisi: Uhakiki wa Mafunzo kwa Vitendo

1. Tatizo lenyewe

Tangu waraka wa Elimu ya Kujitegemea ulipotolewa Machi 1967, ni shida kumpata mtu katika nchi yetu anayesimama hadharani kutetea elimu ya vitabu vitupu. Kila mtaala, kila sera na kila hotuba ya mahafali husema kwamba elimu iwe ya nadharia na vitendo. Neno hili limekubaliwa na wote kiasi kwamba limeacha kuulizwa maswali. Na neno lisiloulizwa maswali, ndugu wasomaji, ni maficho mazuri ya uzembe. Makusudio ya makala haya ni kuuliza maswali hayo juu ya taaluma moja, yaani uhandisi, na kuyauliza tukiwa tumesimama Kwakoa.

Kwa nini Kwakoa? Kwakoa ni kata ya Wilaya ya Mwanga, katika nyanda kavu zilizo mashariki ya milima ya Upare Kaskazini, upande unaotazama mpaka wa Kenya. Kabla ya mwaka 1979 eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya moja ya Pare yenye makao yake Same. Mvua ni chache, na mtu wa huko anapoutazama mlima huuliza kwanza kama maji yatashuka. Upande wa pili wa milima hiyo hiyo kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, ambalo mitambo yake ina uwezo wa megawati 8 za umeme. Na juu ya milima yenyewe kuna mifereji ya asili na mabwawa madogo yanayoitwa ndiva, ambayo wakulima waliyachimba kabla ya shule yoyote ya uhandisi kufunguliwa katika Afrika Mashariki. Hivyo mtoto wa Kwakoa anazaliwa kati ya kazi mbili za uhandisi: moja imejengwa kwa michoro na mitambo kutoka nje, nyingine kwa jembe na kumbukumbu za wazee. Swali letu ni hili: elimu tunayompa inamwezesha kuzielewa zote mbili, au inamfanya mgeni wa zote mbili?

2. Ndiva ni shule ya namna gani?

Tuanze na ndiva, maana wengi huisifu bila kuieleza. Tuchukue mfano wa hesabu. Kijito kidogo cha kiangazi kinatoa lita 2 kwa sekunde. Ukikielekeza kijito hicho moja kwa moja kwenye mfereji mkavu mchana wa jua kali, maji mengi yatanywewa na udongo njiani, na mkulima wa mwisho atapata matope. Lakini ukikinga maji hayo usiku kucha, kwa saa 12, utakuwa na lita 86,400. Asubuhi ukiyafungulia kwa saa 3, akiba hiyo peke yake inatoka kwa lita 8 kila sekunde. Ongeza lita 2 za kijito chenyewe, unapata lita 10, yaani mara tano ya mwanzo. Mkondo wenye nguvu hiyo unafika shambani kabla udongo haujaumaliza. Maji hayakuongezeka hata tone, ila wakati wa kuyatumia umepangwa. Huu ni uhandisi kamili, nao umefanywa na watu ambao hawakuwa na kalamu.

Je, walijifunzaje? Kijana aliingia katika kazi hiyo akiwa mbeba mawe na mzibaji wa matobo. Alipochimba mfereji, maji yenyewe yalikuwa kipimo chake: huchimbwa kipande, maji hufunguliwa, mchimbaji huangalia. Mteremko ukiwa mkali, maji hula kuta za mfereji. Ukiwa mlegevu, mchanga hutuama na mfereji huziba. Kosa lake lilionekana siku hiyo hiyo, na lilionekana na watu ambao mahindi yao yangekauka kwa ajili ya kosa hilo. Ndiva ikivuja nusu lita tu kwa sekunde, usiku mmoja hupoteza lita 21,600, yaani robo ya akiba yote katika mfano wetu. Hapakuwa na haja ya mtihani wa muhula kumwambia mzibaji kwamba kazi yake haikutosha.

Hata hivyo kada hatakiwi kuwa mshairi wa mambo ya kale. Shule hii ya ndiva ilikuwa na upungufu mkubwa, na hapana budi tuutaje. Kwanza, ujuzi ulishikwa na ukoo na wazee, na uliyeyuka pamoja nao. Pili, katika sehemu nyingi wanawake, ambao ndio walimaji wakubwa, walitengwa na mambo ya mfereji kwa miiko. Tatu, ujuzi ule ulijua kwamba jambo hutokea lakini haukuweza kila mara kusema kwa nini. Hivyo ulipokutana na hali mpya, kama ongezeko la watu au ukataji wa misitu kwenye chemchemi, haukuwa na nyenzo ya kukokotoa mapema.

Historia ya chuma katika milima hiyo hiyo inatufundisha jambo hilo kwa ukali zaidi. Ukoo wa Washana wa Ugweno ulijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma, na chuma cha Upare kiliuzwa hadi Uchagani. Jina la ukoo huo linafanana na kitenzi cha zamani cha Kiswahili, kusana, yaani kufua chuma, ambacho siku hizi kimebaki zaidi katika methali: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii ni nadharia nzima ya elimu ya ufundi. Inasema mtoto asiyeweza bado kupiga nyundo apewe viriba vya kuvukuta moto; yumo kazini, anaona rangi ya chuma ikibadilika, na moto ukizimika kosa ni lake. Lakini ufundi uliofungwa ndani ya ukoo mmoja ulikuwa pia chombo cha utawala, na chuma cha kuletwa kutoka viwanda vya Ulaya kilipofika, wafuaji wadogo wadogo hawakuwa na njia ya kushindana nacho. Ujuzi wa mikono usiokutana na sayansi hubaki pale pale ulipo, na dunia huupita.

3. Makosa matatu ya "vitendo" vyetu

Sasa tuitazame shule yetu ya leo. Tunaona makosa matatu, na kila moja hujiita mafunzo kwa vitendo.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba vitendo maana yake ni jasho. Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule iwe jumuiya inayozalisha na kufikiri juu ya uzalishaji wake. Katika shule nyingi fikra hiyo ilishuka ikawa jembe na zamu, na mara nyingine ikawa adhabu ya waliochelewa. Mwanafunzi alilima ekari nzima bila kupima udongo, bila kuweka hesabu ya gharama, bila kuulizwa kwa nini mstari huu umestawi na ule umenyauka. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisogea mbele zaidi: lilitaka kijana apitie kazini kabla ya kuingia Chuo Kikuu, na tathmini ya mwanafunzi iangalie pia mwenendo wake katika kazi. Nia ilikuwa sahihi. Lakini mahali pengi alama ya kazi iligeuka kuwa alama ya utii. Aliyenyamaza alipata alama nzuri. Aliyeuliza kwa nini pampu imewekwa mahali pabaya alihesabiwa mkaidi. Kwa mhandisi huu ni msiba, kwa sababu kazi yake huanza na swali la namna hiyo.

Kosa la pili ni vitendo vya karakana ambayo majibu yake yanajulikana. Mwanafunzi anapewa chuma cha urefu uliopangwa, anakikereza kwa vipimo vilivyopangwa, mwalimu anapima, chuma kinatupwa kwenye sanduku la chakavu. Hatusemi zoezi hilo halifai: mkono haufunzwi bila kurudia. Tunasema likiwa ndilo mwanzo na mwisho, linafundisha kwamba matatizo ya dunia huja yakiwa yamekwisha kupangwa. Pampu iliyokufa kijijini haiji hivyo. Inakuja bila michoro, vipuri vyake havipo dukani, mafuta yake yalichanganywa na maji, na kamati ya maji imegombana juu ya fedha za mfuko. Mhandisi asiyewahi kukutana na mkorogo huo ataandika ripoti ya kuomba pampu mpya.

Kosa la tatu ni la mwanafunzi mtazamaji. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, na tangu mwanzo kiliweka vipindi vya mafunzo ya viwandani kati ya miaka ya masomo. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1978, nacho kilisimama juu ya karakana. Huo ulikuwa msingi mzuri. Lakini kipindi cha viwandani kina maana pale tu mwanafunzi anapokabidhiwa sehemu ya kazi. Akiwa amesimama pembeni ya mashine kwa wiki kadhaa akijaza daftari la kumbukumbu, huyo havukuti wala hasani. Fundi mkuu anamwogopa kwa sababu kesho atakuwa bosi wake. Yeye anamdharau fundi kwa sababu hana shahada. Kasumba hii tuliirithi kwa wakoloni, waliotenganisha anayechora na anayeshika spana, na tumeitunza vizuri kuliko tulivyotunza baadhi ya mashine zao.

4. Karakana bila kiwanda

Kuna jambo ambalo waandishi wa mitaala hupenda kuliruka. Nyuma ya mafunzo ya viwandani ya miaka ya 1970 palikuwa na viwanda: Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilichoanza mwaka 1968, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China, Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na baadaye kiwanda cha kutengeneza mashine Kilimanjaro kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria. SIDO iliundwa mwaka 1973 ili ufundi ufike wilayani. Mwanafunzi alikuwa na mahali pa kwenda.

Viwanda vingi vya umma vilipodhoofika katika miaka ya 1980, na kisha vingine vikabinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, wahasibu walihesabu hasara ya uzalishaji na ajira. Ni wachache waliohesabu hasara ya tatu: kila kiwanda kilichofungwa kilikuwa pia darasa. Fundi wa miaka 20 aliyekuwa akitambua ugonjwa wa mashine kwa kusikiliza mlio wake aliondoka na ujuzi wake, na hakuna kitabu kilichobaki. Kwa hiyo ni kujidanganya kudai mafunzo kwa vitendo bila kuuliza ni vitendo gani vinavyotendeka nchini. Shule haiwezi kuwa na vitendo vingi kuliko uchumi uliozunguka.

Hapa ndipo nadharia za kigeni juu ya kujifunza kwa uzoefu zinapopwaya. Mmarekani David Kolb, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alieleza mzunguko wa hatua nne: mtu hupata uzoefu, huutafakari, hujenga dhana, kisha huijaribu dhana hiyo katika uzoefu mpya. Maelezo hayo yanasaidia, na aliyesoma insha ya Mao ya mwaka 1937 juu ya matendo ataona kwamba yanakaribiana na yale aliyokwisha kusoma. Lakini mzunguko wa Kolb unamtazama mtu mmoja na akili yake. Hauulizi zana ni za nani, nani anaamuru kazi ianze, na nani anakula hasara jaribio likishindwa. Kwakoa maswali hayo ndiyo ya kwanza.

Fikirini Makanya, upande wa Same. Mpango wa kuboresha umwagiliaji wa asili, ulioanza Kilimanjaro mwaka 1988 kwa msaada wa Uholanzi, ulikarabati mabanio na ndiva kwa kushirikiana na vikundi vya wakulima. Kwa kipimo cha karakana, ndiva isiyovuja ni ushindi. Lakini bonde lina watu wa juu na watu wa chini. Maji yakitumiwa zaidi juu, mkulima wa Makanya chini hubaki akingojea mafuriko ya msimu ayatege. Mwanafunzi aliyejifunza kupiga plasta tu atasema kazi imekwisha. Aliyejifunza uhandisi kwa ukamilifu atajua kwamba kila lita aliyoizuia ina mtu aliyekuwa akiingojea, na kwamba kugawa maji ni sehemu ya hesabu yake.

5. Pingamizi mbili

Kuna watakaotujibu kwamba uhandisi ni kazi ya hatari, na kwamba hatuwezi kuwaachia wanafunzi wajifunze kwa kuangusha madaraja. Jibu lao limo katika methali ile ile. Mwana wa mhunzi haanzi na nyundo. Majukumu hupandishwa hatua kwa hatua, na palipo na jicho la mkubwa. Daktari naye haruhusiwi kutibu peke yake kabla hajatibu chini ya usimamizi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliona pengo hili, na tangu mwaka 2003 imeendesha mpango wa miaka 3 wa mafunzo kazini kwa wahitimu wa uhandisi. Tunaupongeza. Lakini kuwapo kwake ni ushahidi kwamba miaka minne ya shahada haikumaliza kazi yake. Na kijana asiyepata mahali pa kupokelewa hafaidiki na mpango huo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linahusu tabaka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta katika sekondari mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla. Shule za ufundi kama Moshi, Ifunda na Tanga zilikwisha kutuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Lakini mwaka 1965 Philip Foster, aliyechunguza Ghana, alitoa onyo ambalo halijachakaa: wazazi na vijana huikimbia shule ya ufundi kwa sababu wanaona vizuri kwamba mshahara, heshima na mamlaka viko kwa mwenye kalamu. Hawana ujinga wowote. Wamesoma uchumi kuliko waandishi wa sera. Basi hatari yenyewe ni hii: mkondo wa amali uwe mlango wa watoto wa makabwela wa Kwakoa, wenye karakana isiyo na umeme wa uhakika wala hisabati ya kutosha, na mkondo wa jumla uwe mlango wa watoto wa wakubwa mjini, watakaokuja baadaye kuwa wahandisi wa kuwaamuru wale. Tukifika hapo tutakuwa tumeligawa taifa upya, safari hii kwa kutumia neno "vitendo".

Kwa hiyo tunasema: mtoto wa amali apewe hisabati na fizikia ile ile, na asifungiwe njia ya Chuo Kikuu. Na mtoto wa Chuo Kikuu asipewe shahada ya uhandisi kabla hajafungua pampu iliyokufa, akaifufua, na akarudi baada ya miezi sita kuona kama bado inafanya kazi.

6. Vipimo vya kutambua vitendo vya kweli

Kada anayekagua shule au chuo atumie vipimo gani? Tunapendekeza vinne.

Kwanza, aulize kama kosa la mwanafunzi linaonekana na mtu mwingine zaidi ya mwalimu. Kama hakuna mtumiaji wa kile anachotengeneza, hayo ni mazoezi, na yaitwe mazoezi.

Pili, aulize mwanafunzi anakaa na kazi yake muda gani. Kujenga ni nusu ya uhandisi; nusu ya pili ni kutunza. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya miaka mingi ya kusuasua. Mabomba hayo yatahitaji watu wa kuyasikiliza kila siku kwa miaka 50. Je, vyuo vyetu vya Kilimanjaro na Arusha vimeufanya mradi huo darasa la kudumu, ambapo vijana wanapima upotevu wa maji, wanabadilisha vali na kuchora ramani ya mivujo? Au tutangoja uharibike ndipo tutafute wataalamu?

Tatu, aulize kama nadharia inaitwa na tatizo. Mwanafunzi aliyeona mfereji ukiliwa kingo atapokea fomula ya mwendo wa maji kwa njaa. Asiyeuona ataikariri kwa ajili ya Novemba.

Nne, aulize kama fundi asiye na shahada ana sauti katika kumpima mwanafunzi. Mgawa maji wa ndiva, mchomeleaji wa gereji ya Mwanga, mama anayeendesha kisima cha kijiji: hawa waitwe kwenye meza ya tathmini. Wao watakosea katika mahesabu. Profesa atakosea katika mengine. Mwanafunzi atasikia wote wawili.

7. Hitimisho

Hatudai kwamba Kwakoa irudi kwenye ndiva, wala kwamba kila mhandisi awe mhunzi. Ndiva bila hesabu ilifika mwisho wa uwezo wake, na hesabu bila ndiva imetuletea miradi iliyokufa mara mgeni alipopanda ndege. Tunachodai ni kwamba mafunzo kwa vitendo yapimwe kwa dhamana: mwanafunzi amekabidhiwa nini, ameharibu nini, amekitengenezaje, na nani amefaidika.

Kazi iliyo mbele ya makada na wanafunzi si ya kungoja waraka mpya. Tawi lolote lililo karibu na chuo linaweza muhula huu kuorodhesha pampu, mashine za kusaga na mifereji iliyoharibika katika kata yake, na kuipeleka orodha hiyo kwa mkuu wa chuo pamoja na ombi moja: kila kikundi cha wanafunzi kichukue kimoja. Majibu ya chuo hicho, na hali ya vitu vile mwisho wa mwaka, vitatuambia mengi kuhusu elimu yetu ambayo hotuba za mahafali hazitatuambia.